Sura ya Tano: Damu Bila Daftari

Mtoto ameshalia. Kitovu kimekatwa, kondo la nyuma limetoka, na mama amelala akihema taratibu, jasho likimkauka usoni. Nesi anainama, anaitazama leso iliyolowa chini ya mapaja yake, anatupa jicho kwenye beseni, anasema, "Si mbaya, mama, umemaliza." Kisha anageukia kitanda cha pili, maana huko nako mwingine anamwita.

Hilo "si mbaya" ndilo nitakalolichambua katika sura hii. Limesemwa kwa nia njema, na mtu aliyesomea kazi yake, pengine aliyekwisha kuzalisha wanawake elfu moja. Lakini limesemwa kwa jicho. Damu iliyonyonywa na leso haionekani yote. Iliyochanganyika na maji ya uzazi huonekana nyepesi. Ile inayotoka kidogo kidogo, tone juu ya tone, haimshtui mtu mpaka mama aanze kusema anasikia baridi na midomo ibadilike rangi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mali iliyopotea bila habari zaidi kuliko damu ya wazazi wetu.

Duniani kote, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndicho chanzo kikuu cha vifo vya kina mama. Kwa miaka mingi mpaka wa hatari umewekwa nusu lita. Chukua chupa ya soda ya nusu lita, ile inayouzwa kwenye kila duka la Kibera, Nairobi, kutoka Makina hadi Laini Saba, uimwage juu ya shuka la hospitali. Halafu muite mtu ambaye hakukuona ukimwaga, umuulize ni kiasi gani. Wengi watataja kiasi kidogo kuliko kile. Hivyo ndivyo jicho lilivyo, hata jicho la mtaalamu.

Mwaka 2021 watafiti walianza jaribio lililoitwa E-MOTIVE katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Liliongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa miongoni mwa watafiti wake wakuu. Kifaa kilichokuwa moyoni mwa jaribio hilo ni cha kawaida sana: shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, ambalo upande mmoja unaning'inia kama mfuko. Mfuko huo umechorwa mistari, kama kikombe cha kupimia cha mwokaji mikate. Damu inateremka, inakusanyika, na nesi anasoma mstari. Ikifika mililita 300 na mapigo ya moyo au presha ya mama vimeanza kuyumba, anachukua hatua. Ikifika 500, anachukua hatua bila kungoja dalili nyingine yoyote.

Hatua zenyewe ni tano, na hufanywa pamoja badala ya kufuatana: kukandwa tumbo ili mji wa mimba ukaze, sindano ya oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu ya maji, na kukaguliwa ili kujua damu inatoka wapi. Hapo hakuna dawa mpya hata moja. Zote zilikuwa zinajulikana, na nyingi zilikuwa kabatini. Shida ilikuwa kwamba zilitolewa moja baada ya nyingine: nesi anatoa hii, anasubiri aone, anatoa ile, anasubiri tena, na damu haisubiri.

Matokeo yalichapishwa Mei 2023, baada ya wanawake zaidi ya 210,000 kuhesabiwa. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, kati ya kila wanawake 100 waliotokwa na damu kupita kiasi, wahudumu waliwagundua 51. Kwenye hospitali zilizopewa shuka lenye mistari, waligundua 93. Wanawake waliofikia hatua mbaya kabisa, ya kumwaga lita moja au zaidi, kupasuliwa ili damu izuiwe, au kufa kwa kutokwa na damu, walikuwa asilimia 4.3 upande mmoja na 1.6 upande wa pili. Hilo ni punguzo la asilimia 60. Mwishoni mwa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, WHO, likapendekeza njia hiyo itumike kote.

Soma tena namba hizo, uzifikirie kwa sura za watu. Katika leba inayotumia macho, karibu nusu ya wanawake waliokuwa wanapoteza damu kwa kiwango cha hatari waliambiwa "si mbaya".

Umejuaje?

Ukishuka steji ya Kawangware 46, hukohuko Nairobi, na kuingia sokoni, kati ya vibanda vya nyanya na sukuma wiki utakuta karai lenye vipande vya udongo mgumu, vyeupe au vya kijivujivu. Hiyo ndiyo odowa. Wateja wake wakubwa ni wajawazito. Muulize muuzaji inasaidia nini, atakwambia inatuliza kichefuchefu. Muulize mnunuzi, atakwambia halali kabla hajatafuna kipande, na mvua ya kwanza ikipiga vumbi, ile harufu tu humjaza mate mdomoni.

Wote wawili wanaeleza walichokiona. Lakini kichefuchefu cha mimba kwa kawaida hupungua chenyewe kadiri mwezi wa nne unavyokaribia. Aliyeanza kutafuna odowa mwezi wa tatu na kupata nafuu mwezi wa nne ataishukuru odowa, na atamsimulia jirani, na jirani atanunua. Hakuna aliyesema uongo, na bado wote wamepotea. Udongo huo unaweza kubeba mayai ya minyoo, na mara nyingi hamu ya kuula huandamana na upungufu wa damu, hali inayohitaji vidonge vya madini ya chuma ambavyo kliniki hutoa.

Nimeanza na odowa kwa sababu ni rahisi kuicheka, na sitaki tuicheke. Madaktari wamekosea kwa njia hiyohiyo, tena kwa vizazi. Waliwanyoa wanawake sehemu za siri kabla ya kuzaa wakiamini inazuia maambukizi. Waliwapiga bomba la maji ya sabuni tumboni wakiamini linarahisisha uchungu. Waliwakata njia ya uzazi kila mmoja aliyekuwa anazaa mara ya kwanza, wakiamini mkato wa mkasi hupona vizuri kuliko mchubuko wa asili. Kila daktari alikuwa na wagonjwa waliopona baada ya kufanyiwa hayo. Majaribio yalipofanywa kwa utaratibu, kunyoa na bomba havikuonyesha faida yoyote ya maana, na kukata kila mtu kuliongeza majeraha badala ya kuyapunguza.

Utaratibu huo ni upi? Chukua wanawake wawili wa Kawangware. Mmoja alianza kliniki mwezi wa tatu na kumeza vidonge vyake vyote. Mwingine alikwenda mara moja tu, mwezi wa nane. Mtoto wa kwanza akizaliwa na afya kuliko wa pili, utasema vidonge vimefanya kazi? Huenda. Lakini huenda yule wa kwanza ana mume mwenye mshahara, ana bomba la maji uani, na hafui nguo za watu Lavington hadi wiki ya mwisho. Huwezi kujua ni kidonge au ni mshahara.

Njia ya kujua ni kura. Unawachukua wanawake wengi walio radhi, baada ya kuwaeleza kila kitu, na kura inaamua nani apate dawa na nani apate matibabu ya kawaida au kidonge bandia. Kura haimjui mwenye mshahara wala asiye nao. Inawagawa sawasawa, pamoja na bahati zao na shida zao zote, hata zile ambazo mtafiti hazijui. Tofauti itakayoonekana mwishoni, ikiwa watu ni wengi vya kutosha, itakuwa imetoka kwenye dawa.

Vidonge vya chuma vyenyewe vimepita kwenye kura hiyo hapa Kenya. Palikuwa na hofu ya kweli kwamba chuma hulisha vijidudu vya malaria, na kwamba kumpa mjamzito wa Nyanza vidonge hivyo ni kumtafutia homa. Jaribio la wanawake 470 huko, lililochapishwa 2015, halikuona malaria ikiongezeka, na watoto wa waliomeza chuma walizaliwa na uzito uliozidi kwa wastani wa gramu 150. Hofu ilikuwa ya busara. Kipimo kiliijibu.

Swali lililoulizwa Kibera

Watu wengi wanadhani utafiti ni kitu kinachofanyika ng'ambo kisha kinaletwa kwetu kwenye boksi. Watu wa Kibera wenyewe wana jambo la kusema kuhusu hilo.

Mwaka 1995 habari njema ilitoka Mwanza, Tanzania. Kwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za vijijini, maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yalipungua kwa karibu asilimia 40. Hizo zilikuwa zama ambazo dawa za kurefusha maisha hazikuwafikia watu wetu, na mazishi yalikuwa kazi ya kila Jumamosi. Fikra ikazaliwa: ikiwa vidonda na usaha wa magonjwa hayo hufungulia virusi mlango, kwa nini tusiwape wanawake walio hatarini zaidi kidonge cha kuyazuia kila mwezi?

Kati ya 1998 na 2002, wanawake 466 wa Kibera waliokuwa wakifanya biashara ya ngono, na ambao hawakuwa na virusi, walikubali kuingia katika jaribio hilo. Kila mwezi nusu yao walipewa gramu moja ya azithromaisini, na nusu kidonge bandia. Wote walipewa kondomu, ushauri, na matibabu. Majibu yalichapishwa 2004. Kisonono na klamidia vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliopewa dawa. Maambukizi ya virusi vya Ukimwi hayakupungua hata kidogo. Rakai, nchini Uganda, ambako jamii nzima zilitibiwa kwa pamoja, majibu ya 1999 nayo yalikuwa hayo: virusi havikupungua.

Mtu anaweza kusema wanawake wale walipotezewa muda. Mimi nawaona tofauti. Bila wao, nchi yetu na nyingine nyingi zingemwaga pesa kwenye mpango uliokuwa na mantiki yote ya dunia ila ukweli. Mwanamke wa Gatwekera au Lindi aliyekwenda kliniki mwezi baada ya mwezi, akatoa damu yake ipimwe, alifanya kazi ambayo profesa peke yake hawezi kuifanya.

Na dawa ileile ilikuja kuulizwa swali jingine. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la wanawake 29,278 katika nchi saba, Kenya na Kongo zikiwemo, waliopewa dozi moja ya azithromaisini au kidonge bandia wakiwa kwenye uchungu, wakitarajiwa kuzaa kwa njia ya kawaida. Waliopata maambukizi makali ya damu au kufa walikuwa asilimia 2.4 kwa kidonge bandia na 1.6 kwa dawa. Dawa iliyoshindwa kazi moja Kibera ikaiweza nyingine leba. Dawa haina sifa ya jumla. Ina jibu kwa swali lililoulizwa.

Dawa ileile, mahali pengine

Mwaka 1979 daktari mmoja wa Uingereza, Archie Cochrane, aliitunuku fani ya uzazi mwiko wa mbao, zawadi ya mshika mkia, kwa sababu aliona ndiyo fani ya udaktari iliyotumia ushahidi vibaya kuliko zote. Daktari wa uzazi Iain Chalmers na wenzake huko Oxford walilichukua tusi hilo kama kazi ya kufanywa. Wakakusanya majaribio yote ya ujauzito na uzazi waliyoweza kuyapata, wakayajumlisha, na mwaka 1989 wakatoa kitabu kikubwa kilichoeleza kipi kinasaidia, kipi kinadhuru, na kipi hakijulikani. Mwaka 1993 kazi hiyo ikazaa ushirika wa kimataifa uliopewa jina la Cochrane.

Nembo ya ushirika huo ni mchoro wa mistari midogo, na kila mstari ni jaribio moja. Yote yanahusu sindano ya bei nafuu ya jamii ya steroidi, inayopewa mama mwenye uchungu wa mapema ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Graham Liggins wa New Zealand aliigundua siri hiyo kwa kondoo: mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya siku zake alikuwa anapumua ilhali hakutarajiwa kuweza. Yeye na Ross Howie walichapisha jaribio la wanawake mwaka 1972. Majaribio mengine yakafuata, mengi yakielekea upande uleule, lakini hakuna aliyeyajumlisha. Hadi miaka ya mwanzo ya 1990 wanawake wengi waliostahili sindano hiyo walikuwa hawapewi. Watoto njiti maelfu walikufa huku jibu limelala kwenye makabati ya maktaba. Hiyo nayo ni mali bila daftari.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa rahisi: wakubwa wamegundua, sisi tupokee. Haikuishia hapo. Majaribio yale ya mwanzo yalifanyika zaidi kwenye hospitali zenye vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua. Jaribio kubwa likafanyika kuona kama sindano inaweza kusambazwa hadi zahanati za chini katika nchi sita, magharibi mwa Kenya ikiwemo. Majibu ya 2015 yalishtua. Vifo vya watoto wadogo kabisa havikupungua, na kwa jumla ya watoto wote vifo viliongezeka, huku maambukizi kwa kina mama yakipanda. Wanawake wengi waliochomwa hawakuja kuzaa njiti, kwa kuwa umri wa mimba ulikadiriwa tu, na wengi walizaa mahali pasipo na huduma ya kutosha kwa mtoto.

Je, sindano iachwe? WHO ikauliza tena, safari hii katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, kwa wanawake 2,852. Masharti yalikuwa makali: umri wa mimba uhakikishwe kwa picha ya ultrasaundi, mama asiwe na dalili za maambukizi, na mtoto apate huduma akizaliwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa wazi. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 23.5 bila deksamethasoni, ndiyo sindano yenyewe, na 19.6 kwa waliopewa. Kwa kila wanawake 25 waliochomwa, mtoto mmoja zaidi aliokoka.

Kwa mama wa Kawangware maana yake ni hii. Duka la dawa la kona linaweza kuwa na sindano hiyohiyo, chupa ileile. Ikichomwa pale, bila picha ya mimba na bila chumba cha kumtunzia mtoto, hakuna ushahidi kwamba itamwokoa, na upo ushahidi kwamba inaweza kudhuru. Ikichomwa kwenye hospitali yenye masharti yale, inaokoa. Ushahidi una anwani.

Mkono wa mtu

Kwa nini mwanamke wa Kibera, mwenye hospitali ya Mbagathi ng'ambo ya barabara, aende kuzalia kwa mkunga wa jadi kwenye chumba cha mabati? Jibu la haraka ni ujinga, au umaskini. Waulize kina mama wenyewe, utasikia jingine: "Kule hospitali niliachwa peke yangu." "Nilipigwa kofi kwenye paja." "Nilikuwa naita, sista hakuja." Mradi ulioitwa Heshima, uliofanywa katika vituo 13 vya afya vya Kenya kuanzia 2011, uliwahoji wanawake walipokuwa wanatoka hospitalini, na mmoja kati ya kila watano alisema alidhalilishwa kwa namna fulani. Baada ya kazi ya kuwafunza wahudumu, kusimamia vituo na kuihusisha jamii, idadi ilishuka hadi asilimia 13. Kumbe hata ukali unaweza kupimwa, na ukipimwa unaweza kupungua.

Sasa weka kando ya hayo mkusanyo mmoja wa Cochrane wa mwaka 2017. Ulijumlisha majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, na swali lake lilikuwa: inatokea nini mwanamke akiwa na mtu wa kumkalia karibu muda wote wa uchungu? Jibu: uchungu hufupika, upasuaji hupungua, na mama hubaki na kumbukumbu njema zaidi ya siku ile. Hakuna kidonge hapo, ni mkono wa mtu tu.

Nilipoyasoma hayo nilimfikiria mkunga wa Kibera. Anakupikia uji. Anakukanda mgongo. Anakuita mwanangu. Hakuachi. Alichokuwa anawapa wanawake wale ni tiba iliyothibitishwa, na hospitali nyingi ndizo zilizokuwa zinainyima kwa kumfungia mama mzazi wako nje ya mlango wa leba. Lakini mkunga huyo hana oksitosini. Hana dripu. Damu ikianza, mkono wake wa upendo hautoshi, na kichochoro cha usiku ni kirefu. Mwanamke wa Kibera alilazimishwa kuchagua kati ya mkono na sindano, wakati ushahidi unasema anastahili vyote viwili kwenye kitanda kimoja. Wahudumu wanaomwalika mkunga wa jadi amsindikize mama hospitalini, akae naye, amshike, hawabembelezi mila. Wanafuata sayansi.

Saa tatu za mwanzo

Kuna tarakimu moja ambayo kila mtu wa mtaa anafaa kuijua. Asidi ya traneksamiki, ile dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, ilipimwa kwa wanawake 20,060 katika nchi 21, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, na majibu yakatoka 2017. Ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, hupunguza vifo vya kutokwa na damu kwa karibu theluthi. Baada ya saa tatu, faida hiyo haionekani tena. Aliyeigundua, daktari Utako Okamoto wa Japani, akishirikiana na mumewe Shosuke, alikuwa ametafuta tangu mwanzo dawa ya kuokoa wazazi. Alifariki 2016, mwaka mmoja kabla dunia haijamhakikishia kwamba alikuwa sahihi.

Saa tatu, kutoka Soweto ya Kibera hadi barabarani, usiku, mvua ikinyesha, mtaro umefurika, na boda boda hataki kuingia ndani. Saa tatu, kituo cha kwanza kikikosa dawa na cha pili kikisema leteni barua. Ndiyo maana namba za mitaa yetu zilikuwa mbaya kuliko za taifa. Kituo cha utafiti cha APHRC kilipowahesabu wakazi wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya Nairobi, nyumba kwa nyumba, kilikuta kwamba kati ya 2003 na 2005 wanawake 706 walikufa kwa kila vizazi hai 100,000. Takwimu ya taifa ya 2003 ilikuwa 414. Mwanamke alikuwa anafia ndani ya mji wenye hospitali kubwa kuliko zote nchini.

Tangu hapo yamefanyika mengi. Juni 2013 serikali ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, kisha ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mzigo huo umehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Waliozalia kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 61 mwaka 2014 na 82 mwaka 2022. Hata hivyo sensa ya 2019 ilikuta bado kina mama 355 wanakufa kwa kila vizazi 100,000. Wanawake wameitikia wito, wamefika hospitali. Sasa deni liko upande wa hospitali: je, akifika, atakuta kile kilichothibitishwa?

Atakuta oksitosini iliyohifadhiwa kwenye baridi, au iliyoharibika kimyakimya siku stima zilipopotea? Hata kwa hilo jibu lipo. Kabetosini isiyoharibiwa na joto hudumu miaka mitatu kwenye nyuzi joto 30 bila friji, na mwaka 2018 jaribio la wanawake karibu 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, lilionyesha kwamba inazuia damu sawa na oksitosini. Kwa zahanati ya mtaa ambao stima ni za kubahatisha, hilo si jambo dogo.

Nasisitiza nchi hizo kwa makusudi. Nyingi ya namba za sura hii zililipiwa na wanawake waliotia sahihi au kidole gumba kwenye karatasi wakiwa na wasiwasi wao, na wengi wao walikuwa wa kwetu. Wapo pia waliolipa kwa jasho lao: Tabitha Atieno Festo, nesi wa Kibera, alipewa shilingi 2,000 tu. Akazizungusha kwa kuuza mboga Eastleigh, na kwa faida yake akafungua zahanati nyumbani kwake mwaka 2001. Alifariki 2004, lakini zahanati iliyobeba jina lake ilikua, na baadaye watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakaitumia kufuatilia magonjwa ya wakazi wa Soweto na Gatwekera. Mtaa uliojihesabu kwa namna hiyo hauombi hisani unapodai dawa bora. Unadai chake.

Kwa hiyo, mama, ukienda kliniki Riruta, Lang'ata au kwingineko, una haki ya kuuliza. Dawa hii ni ya nini? Imejulikanaje kwamba inafaa? Nisipoipata itakuwaje? Mama yangu au mume wangu anaweza kukaa nami? Damu yangu mtaipima kwa kitu gani? Uliza kwa adabu, na usione aibu. Mficha uchi hazai, na mficha swali hatibiwi vizuri.

Naiona leba ile tena. Mtoto ameshalia. Nyanya yake ameketi kwenye stuli kando ya kitanda, ameushika mkono wa binti yake, na hakuna anayemfukuza. Nesi anainama, haangalii leso, anausogeza mfuko kwenye mwanga na kuusoma. "Mia mbili na hamsini," anasema, na kuandika namba hiyo kwenye faili, na saa kando yake. Halafu anageukia kitanda cha pili.